Mwanga Unaosikika: Historia ya Kupiga Picha Mishipa ya Damu

Mwaka 1880 Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, aligundua kwamba kitu kikimulikwa kwa mwanga unaokatizwa harakaharaka, hutoa sauti. Kitu hicho hupata joto, hutanuka kidogo na kuitikisa hewa. Wilhelm Röntgen aliichunguza sauti hiyo mwaka 1881, lakini ugunduzi wake mwingine wa mwaka 1895, eksirei, ndio uliofika hospitalini. Sauti ya Bell ilibaki maabara, ikisubiri leza.

Eksirei haioneshi vizuri mishipa ya damu mpaka mgonjwa achomwe dawa ya kuing'arisha. Kwa Songwe, mkoa wa Tanzania unaopakana na Zambia, vipimo vikubwa vya namna hiyo vilikuwa mbali. Kabla mkoa haujamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, mgonjwa wa Tunduma, Mbozi au Ileje alipewa rufaa ya kwenda jijini Mbeya, kiasi cha kilomita 100 kutoka mpakani, kwa barabara ya malori ya Zambia. Mwaka 2021 sehemu ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa shilingi trilioni 1.3 ilielekezwa kununua CT-Scan za hospitali za rufaa za mikoa. Hizo nazo hutumia eksirei.

Fotoakustika, yaani upigaji picha kwa sauti ile ya Bell itokanayo na mwanga, hupita njia nyingine. Leza humweka kwa muda mfupi mno. Hemoglobini ya damu hunyonya mwanga kuliko tishu zinazoizunguka, hutanuka, na mawimbi ya sauti yanayotoka hunaswa na vipokezi kama vya utrasaundi. Damu yenyewe hutangaza ilipo, bila sindano wala mionzi ya eksirei. Mwaka 2003 kundi la Lihong Wang nchini Marekani lilionesha mishipa ya ubongo wa panya hai bila kupasua ngozi wala fuvu.

Kikwazo kilikuwa kasi. Kipokezi kimoja kilizungushwa polepole kuzunguka kichwa cha panya, ilhali kiumbe hai hakitulii: moyo hudunda, kifua hupanda na kushuka, picha huvurugika. Duara la vipokezi 512 vinavyosikiliza kwa pamoja lilibadili mambo. Mwaka 2017 mwili wa panya ulipigwa picha 50 kwa sekunde. Mwaka 2018 titi la mwanamke lilipigwa picha ndani ya sekunde 15, akiwa amebana pumzi mara moja tu.

Liko jambo zito kwa watu wa Songwe. Melanini, rangi asilia ya ngozi nyeusi, nayo hunyonya mwanga, hivyo mwanga kidogo huifikia mishipa, na ngozi yenyewe hutoa sauti inayochafua picha. Mashine ambayo haikujaribiwa kikamilifu kwa watu weusi haifai kununuliwa kwa ajili ya Vwawa, makao makuu ya mkoa huo.