Hataza, Siri na Kasumba: Dawa za Enzi ya Victoria

Tuanze na jina. Katika Uingereza ya Malkia Victoria (1837–1901), dawa zilizouzwa dukani bila cheti cha daktari ziliitwa dawa za hataza. Jina hilo halikuwa la kweli. Mwenye hataza hulazimika kuueleza uvumbuzi wake hadharani, ilhali wengi wa wauzaji hao hawakuwa na hataza yoyote. Walichokuwa nacho ni siri, pamoja na stempu ya ushuru uliotozwa tangu 1783. Mnunuzi aliyeiona stempu hiyo aliweza kudhani kwamba serikali imeithibitisha dawa yenyewe.

Mwaka 1909, Chama cha Madaktari cha Uingereza kilichapisha matokeo ya uchunguzi wa kikemia. Vidonge vya Beecham, vilivyotangazwa kuwa kisanduku kimoja kina thamani ya gini nzima, vilikutwa na shubiri, tangawizi na sabuni. Viambato vya vidonge 56 viligharimu takriban thumni ya peni. Kisanduku kiliuzwa shilingi 1 na peni 1 na nusu.

Hasara hiyo ilikuwa ya fedha. Godfrey's Cordial, waliyonyweshwa watoto wachanga ili walale, ilikuwa na afyuni, na baadhi ya watoto hao hawakuamka. Sheria ya 1868 ilidhibiti uuzaji wa sumu, lakini ikazisamehe dawa za hataza. Jina likawa kinga ya muuzaji.

Kwa Kiswahili afyuni huitwa pia kasumba, neno ambalo siku hizi hutumika zaidi kwa fikra potofu zilizomganda mtu akilini. Chupa ile ilibeba maana zote mbili: mtoto aliinywa ya kwanza, na mzazi akaisoma ya pili kwenye lebo.