Geji ya Bati

Geji ni namba inayotaja unene wa bati. Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 30 ni nene kuliko geji 32. Hizo tatu ndizo zinazotawala biashara ya mabati ya kuezekea nchini Tanzania. Asiyelijua hilo anaweza kuchagua namba kubwa akidhani ameongezewa uimara, na kosa hilo ni gumu kulirekebisha mahali kama Mwamgongo, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, ambako mzigo wa dukani husafirishwa kwa boti kutoka Kibirizi, Kigoma. Bati likishavuka, kulirudisha ni nauli nyingine.

Mpangilio huu wa kinyume ulianzia kwenye utengenezaji wa waya huko Ulaya. Waya ulivutwa kupitia tundu, kisha tundu dogo zaidi, kisha jingine dogo kuliko hilo, na namba ikafuata idadi ya mivuto. Waya uliovutwa mara nyingi ulikuwa mwembamba na namba yake kubwa. Uingereza iliweka jedwali lake la kisheria la geji mwaka 1884, Marekani ikapitisha la kwake la mabamba ya chuma mwaka 1893. Wakati huo bati la migongo lilikuwa limeshaenea: Henry Robinson Palmer alipata hataza yake London mwaka 1829, na Mfaransa Stanislas Sorel akapata hataza ya kukinga chuma kwa zinki mwaka 1837.

Majedwali hayo hayalingani. Kwa jedwali la Uingereza, geji 28 ni milimita 0.376, geji 30 ni 0.315 na geji 32 ni 0.274. Kwa jedwali la Marekani la mabamba yenye zinki, geji 28 hiyohiyo inakaribia milimita 0.47. Kwa hiyo geji bila milimita haimfungi muuzaji kwa lolote.

Neno lenyewe limeshakaa katika Kiswahili na halina haja ya kuondolewa. Linahitaji tu kutumiwa kwa uangalifu, kwa sababu lina kazi nyingi. Dereva ana geji ya mafuta na fundi wa matairi ana geji ya upepo, ambazo ni vifaa. Katika reli, geji ni upana kati ya pau mbili: Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914 ni ya geji ya milimita 1,000, na reli mpya ya SGR ni ya milimita 1,435, na hapo namba kubwa ndiyo pana. Tafsiri ya “kipimo” haitoshi, maana urefu na uzito navyo ni vipimo. “Unene” ni neno zuri, ila huenda na milimita. “Unene wa 28” hauelezi kitu. Kinachofaa ni kuliacha neno geji liwe jina la daraja la bati, na unene utajwe kwa milimita pembeni yake: bati la geji 28, unene milimita 0.38. Risiti ikiandikwa hivyo, ubishi hupungua sana.

Hata milimita zina mtego wake. Bati la rangi lina chuma katikati, madini ya kukinga kutu juu yake, kisha rangi. Unene wa chuma kitupu ni kitu kimoja na unene wa jumla ni kingine. Tabaka zito la alumini na zinki, gramu 150 kwa mita ya mraba kwa pande zote mbili, huongeza karibu milimita 0.04, na rangi huongeza kama 0.03 nyingine. Jumla ni 0.07, wakati tofauti yote kati ya geji 30 na geji 28 ni 0.06 tu. Bati jembamba lililopakwa vizuri linaweza kupimwa kwa maikromita likaonekana la geji nene zaidi. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: unene huo umepimwa na rangi au bila rangi?

Asiye na maikromita ana mizani, na mwambaoni kunakouzwa dagaa mizani haikosekani. Chuma chenye unene wa milimita moja kina uzito wa kilo 7.85 kwa kila mita ya mraba. Bati la mita 3 lililokunjwa kutoka bamba la upana wa sentimita 91.4 litakuwa na karibu kilo 8.1 likiwa geji 28, kilo 6.8 likiwa geji 30 na kilo 5.9 likiwa geji 32. Upana unaohesabiwa ni ule wa kabla ya kukunjwa, hivyo futi ipitishwe juu ya kila mgongo na ndani ya kila bonde. Ni vizuri kupima mabati kumi kwa pamoja, kwani tofauti ya gramu chache kwa bati moja hapo huonekana.

Geji haisemi lolote kuhusu kutu. Hilo hutegemea zinki: bati lenye gramu 275 kwa mita ya mraba lina mikroni 19 hivi kila upande, na lenye gramu 100 lina 7 tu. Tanganyika ni ziwa la maji baridi, na upepo wake haubebi chumvi kama ule wa Tanga au Unguja. Kwa sababu hiyo, mjenzi wa Mwamgongo mwenye fedha kidogo ana haki ya kutanguliza unene. Hatari yake kubwa iko safarini. Mabati yaliyobanana yakilowa ndani ya boti, maji hunaswa katikati pasipo hewa, na zinki hugeuka unga mweupe kabla nyumba haijapauliwa. Mzigo ufunikwe turubai. Ukishushwa, mabati yaachanishwe, yafutwe, kisha yaegeshwe juu ya mbao na si juu ya mchanga.

Juu ya paa, bati jembamba hudai papi nyingi. Bati la geji 32 likipigiliwa kwenye papi zilizoachana sana hubonyea fundi akilikanyaga, na dhoruba ya masika hulinyanyua kuanzia pembeni. Papi zisogezwe karibu zaidi kwenye kingo na chini ya kofia. Msumari upigwe juu ya mgongo wa bati, kamwe usipigwe bondeni yanakopita maji.

Mabati ya msauzi na yale ya mfano wa vigae hufuata kanuni hizohizo, kwa kuwa nayo ni chuma kilichokunjwa. Vigae vya lami havina geji, na hulazwa juu ya mbao zilizofunika paa lote, gharama ambayo si ndogo. Vigae vya udongo hukadiriwa kwa uzito: paa la mita za mraba 60, kwa kilo 40 kila mita, ni tani 2.4 za kuvusha ziwani na za kubebwa na kenchi nzito, ilhali bati la geji 28 la paa hilohilo halifiki kilo 250.