Amri na Vitufe Mpakani
Wget ilitolewa mwaka 1996, enzi za intaneti ya simu za waya, ikaundwa kuvumilia mtandao dhaifu. Sisi wa Busia na Tororo bado tunaihitaji. Tangu Julai 2021 Uganda hutoza ushuru wa asilimia 12 kwenye bando. Faili la sauti likianza upya, pesa imeenda. Wenzangu wanaotumia Linux hupenda programu za vitufe, nami siwalaumu, kwani kuandika amri kunachosha. Lakini kadhaa kati ya hizo ni dirisha tu juu ya youtube-dl ya mwaka 2006 au mrithi wake, yt-dlp. Ninapopakua rekodi za masimulizi ya wazee naandika wget -c, na seva ikiruhusu, kazi huendelea palipokatika.