Mtaalamu wa Shakespeare na Mashairi ya Garissa

Mwaka 1969, Andrew Gurr, msomi wa tamthilia za enzi ya Shakespeare aliyelelewa New Zealand, alishika uongozi wa idara ya fasihi katika chuo kikuu cha jijini Nairobi. Kwa mtu wa fani yake, kiti kilikuwa cha moto. Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walikuwa wameandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ya chuo hicho ivunjwe, fasihi ya Afrika ikae katikati na fasihi simulizi iheshimiwe kama msingi wake.

Gurr angeweza kujifungia na Shakespeare wake. Badala yake alilea mabadiliko hayo hadi 1973, Ngũgĩ alipompokea uongozi, na pamoja na Angus Calder akahariri kitabu kuhusu waandishi wa Afrika Mashariki. Na mwaka 1970, akiwa papa hapa Kenya, alitoa The Shakespearean Stage, kitabu ambacho wanafunzi wa tamthilia bado wanakitegemea. Humo anaeleza vikundi vya waigizaji, majengo yao na watazamaji waliolipa peni moja kusimama uwanjani bila paa. Tamthilia, kwake, ilikuwa kwanza kazi ya sauti na hadhira. Kitabu kilifuata baadaye.

Hapo ndipo namwona akiikaribia Garissa, eneo la Wasomali Kaskazini Mashariki mwa Kenya, ingawa hakuandika kulihusu. Gabay, ushairi wa Wasomali, hutungwa kichwani, na sauti ileile ya mwanzo wa neno hurejea mstari baada ya mstari hadi shairi liishe. Wanawake wana utanzu wao, buraanbur. Anayeghani shairi la mwingine hutangulia kumtaja mtungaji, na mashairi yamewahi kuchochea ugomvi wa koo na kuusuluhisha vilevile. Sanaa hiyo inadai umahiri sawa na wowote wa London ya 1600.

Lakini Nairobi ilipokuwa ikijadili fasihi ya Mwafrika, Garissa ilikuwa imetoka tu kwenye vita vya Shifta vya kutaka kujitenga na Kenya, vilivyokoma 1967, na sheria za hali ya hatari zingeendelea kuibana hadi 1991. Mkutano wa walimu wa fasihi katika Shule ya Nairobi, Septemba 1974, ulitetea fasihi simulizi madarasani. Kaskazini Mashariki, hata hivyo, haikupata chuo kikuu kishiriki cha umma hadi 2011, pale palipokuwa chuo cha walimu cha Garissa. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa humo katika shambulio la kigaidi, wengi wao wanafunzi. Masomo yalirejea Januari 2016, na mwaka uliofuata chuo kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili.

Gurr baadaye alikuwa mshauri mkuu wa kitaaluma katika ujenzi mpya wa ukumbi wa Globe, London, uliofunguliwa 1997. Kwa moyo huohuo, naomba Chuo Kikuu cha Garissa kifundishe jukwaa la Shakespeare na gabay katika muhula mmoja, na kiwalipe washairi wa Balambala na Ijara waje darasani, kazi zao zirekodiwe kwa majina yao.