Ada Ilifutwa, Orodha Ikabaki

Historia ya elimu ya Afrika Mashariki hupenda kusimuliwa kwa miaka ambayo ada ilifutwa. Ada ya sekondari ilifutwa Tanganyika mwaka 1964, ya shule ya msingi ikafutwa Tanzania mwaka 1973, na Kenya ikafuta ya darasa la kwanza hadi la nne kuanzia Januari 1974. Baadaye ikafutwa tena: Tanzania katika Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) mwanzoni mwa miaka ya 2000, Kenya mwaka 2003, kisha Tanzania tena kuanzia Januari 2016, mara hii hadi kidato cha nne. Kitu kilichofutwa kweli hakihitaji kufutwa mara tatu. Kilichoondolewa kila mara ni fedha inayolipwa ofisini kwa stakabadhi. Gharama ya kumwandaa mtoto mpaka afike getini ilibaki nyumbani, na wakati mwingine iliongezeka mwaka uleule ada ilipoondoka. Orodha ya Januari, yenye sare, viatu, madaftari, jembe na ufagio, tumezoea kuihesabu kama sehemu ya malezi. Mimi naihesabu kuwa ni ada iliyobadili sura.

Mambo hayakuanza hivyo. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868, na Waanglikana walipofungua makazi ya Freretown, Mombasa, mwaka 1875, watoto wengi waliowapokea walikuwa wametolewa utumwani. Hapakuwa na mzazi wa kumtuma dukani, kwa hiyo misheni yenyewe ndiyo iliyowalisha na kuwavisha. Katika vyuo vya Kurani vya pwani, ambavyo Mtoro bin Mwinyi Bakari aliyaeleza mambo yake katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotoka Ujerumani mwaka 1903, mtoto alihitaji ubao, wino na kalamu ya utete. Ubao ukifutwa huandikwa tena, na mdogo huurithi kwa mkubwa wake. Mwalimu alikuwa na haki yake, lakini yeye na mzazi waliishi mtaa mmoja wakijuana hali. Sare kama sharti la kuingia darasani ilikuja na shule za kikoloni, na si bahati kwamba kaptura ya mwanafunzi ilishonwa kwa kaki ileile ya askari na tarishi wa serikali. Bendera zilibadilika, kaki ikabaki.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Kenya. Tangazo la Rais Kenyatta lilitoka Sikukuu ya Jamhuri, Desemba 1973, wiki chache tu kabla ya shule kufunguliwa. Wanafunzi wa shule za msingi waliokuwa kiasi cha milioni 1.8 wakawa kama milioni 2.8. Madarasa hayakuwapo, madawati hayakuwapo, na walimu hawakutosha. Kamati za shule zikafanya jambo pekee zililoweza: zikatoza fedha za ujenzi. Hazikuitwa ada, kwa kuwa ada ilikuwa imepigwa marufuku, ila katika sehemu nyingi zilizidi ile iliyofutwa, na watoto wengi walioingia kwa shangwe walikuwa wametoka kabla ya kufika mbali. Tanzania ilipita njia nyingine. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, na vijiji vikafyatua matofali na kuezeka madarasa, huku walimu wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, wakiandaliwa harakaharaka. Uchumi ulipobana katika miaka ya 1980, nguo ikawa adimu madukani, michango ikarudi shule za msingi na ada ikarudi sekondari. Idadi ya walioandikishwa ikaporomoka.

Tanzania iliacha urithi mwingine katika orodha. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule iwe na shamba, na shamba linataka zana. Soma fomu ya kujiunga ya shule ya bweni: tranka na kufuli lake, godoro, shuka jozi mbili, ndoo, jembe lenye mpini, kwanja, fagio la chelewa, rimu ya karatasi. Mashamba ya shule nyingi yamekwisha kufa au yamebaki bustani ya mchicha, ila jembe bado linadaiwa. Na rimu ya karatasi ni gharama ya ofisi tupu. Mtoto huibeba chini ya kwapa na kuikabidhi siku ya kwanza, kisha mitihani huchapwa juu yake. Wizara inapotangaza elimu bila ada, haidanganyi. Miongozo iliyofuata tangazo la 2016 ilisema wazi kwamba sare na vifaa vya kuandikia ni jukumu la mzazi. Wengi tulisikia tangazo, hatukusoma mwongozo.

Watetezi wa sare husema inaficha umaskini: mtoto wa mvuvi na wa mkurugenzi huonekana sawa. Ni hoja nzuri, lakini inawahusu walio ndani tayari. Aliyerudishwa getini hafichwi na chochote. Tena tunao ushahidi. Magharibi ya Kenya, katika utafiti ulioanza mwaka 2003 na kuhusisha shule 328, baadhi ya shule zilipewa sare za bure kwa wanafunzi wa madarasa ya juu. Hakuna ada iliyopunguzwa, kwani ilikuwa imekwisha futwa. Hata hivyo, baada ya miaka mitatu, wasichana walioacha shule walishuka kutoka asilimia 19 hadi 16, na waliopata mimba wakashuka vilevile. Nguo yenye thamani ya dola chache iliwabakiza shuleni watoto ambao tangazo la ikulu lilikuwa limeshindwa kuwabakiza.

Pingamizi zito zaidi ni la kujitegemea: mzazi asiyechangia haithamini shule, na serikali haina mfuko usio na mwisho. Nakubali nusu. Harambee na vijiji vya UPE vilijenga madarasa ambayo hazina isingeyajenga. Lakini kijiji kilichofyatua matofali kiligawana mzigo kwa nguvu za watu wazima, mara moja, na darasa likabaki la wote. Orodha ya Januari hutozwa kwa kichwa cha mtoto kila mwaka, na mwenye watoto watano hulipa mara tano hata kama ana eka moja. Huo ni utozaji kinyume na uwezo, nao huja mwezi ambao Nairobi huutania kwa jina la Njaanuari.

Basi wizara zinapotangaza mwaka mwingine wa elimu bila ada, zichapishe na orodha yake pembeni, kila kitu na bei yake ya sokoni, na zitaje kipi kinaweza kumzuia mtoto kuingia darasani. Wakuu wa shule nao waanze kwa kufuta jembe mahali ambapo hakuna shamba.