Mtihani wa Kutafuta Chanzo cha Kosa

Ewe msomaji kijana, bila shaka umepata kurudishiwa daftari la Kiingereza limejaa wino mwekundu, ukatazama maksi zako, kisha ukalifunga upesi wenzako wasizione. Mtihani wa kutoa maksi waujua. Lakini uko mtihani wa namna nyingine, usiouliza nani wa kwanza na nani wa mwisho, bali huuliza: shida iko wapi?

Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume ya kuwaangalia watoto walioshindwa na masomo ya kawaida. Mmoja wa wajumbe wake alikuwa Alfred Binet. Mwaka 1905 yeye na mwenziwe Théodore Simon walitoa maswali yaliyopangwa kuanzia mepesi hadi magumu. Nia yao ilikuwa kumtambua mtoto anayehitaji mafundisho ya pekee, apate kusaidiwa. Lakini chombo kikishatoka mkononi mwa fundi, kila mtu hukitumia apendavyo. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu mwaka 1917, wataalamu wa huko walitunga mitihani iliyotokana na ile, wakawapanga askari kwa madaraja.

Walimu wa lugha nao walikuwa na desturi ya kuhesabu makosa tu. Mwaka 1967 S. Pit Corder, mtaalamu wa lugha wa Edinburgh, alieleza katika makala yake kwamba kosa ni dalili: humwonyesha mwalimu mwanafunzi amefika wapi. Mtoto asemaye "goed" badala ya "went" si mjinga. Ameishika kanuni, ila hajaujua mpaka wake.

Hapa Kenya, tangu mwaka 1985 hadi 2023, mtihani wa KCPE ulifanywa mwisho wa shule ya msingi. Uliwachagua wa kuingia shule hii na ile. Lakini ulikuja mafundisho yamekwisha, hivyo haukuweza kumrudisha mtoto pale alipopotea. Mtihani wa uchunguzi huja mapema, kabla ya somo au katikati yake. Walimu wengi huuona kuwa mzigo, hasa wenye wanafunzi hamsini darasani. Mimi pia niliuona hivyo.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, msichana mmoja aliandika insha ya Kiingereza juu ya mama yake. Kila palipotakiwa "she" aliandika "he". Nikapiga mistari myekundu kumi na miwili, nikampa maksi haba, naye akalia. Sikukumbuka kwamba Kiswahili humtaja mwanamume na mwanamke kwa neno moja, "yeye". Hakuwa na makosa kumi na mawili. Alikuwa na moja tu, na dawa yake ilikuwa somo la nusu saa. Sikumpa somo hilo.

Basi daftari lako likirudi, usilifunge. Mficha maradhi, kilio humfichua. Yakusanye makosa yanayofanana, umwendee mwalimu wako, umwulize chanzo chake. Huenda ukaona kwamba hayakuwa mengi kama ulivyodhani.