Macho ya Mtoto Njiti: Picha Itangulie Safari

Mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, huangaliwa uzito, joto na pumzi. Macho husahaulika. Ndugu msomaji, hapo pana hatari, maana jicho linaloharibika ndani huweza kuonekana zima kwa nje.

Retina ni utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mishipa yake ya damu hukamilika mimba inapokaribia miezi tisa. Mtoto akizaliwa mapema mno, mishipa hiyo huweza kuota ovyo, ikavuta retina hadi ikabanduka. Oksijeni humwokoa mtoto, lakini ikizidi kipimo huongeza hatari. Ugonjwa huu, retinopathi ya watoto njiti, ndio uliompofusha mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa Marekani mwaka 1950.

Wa kupimwa hasa ni waliozaliwa kabla ya wiki 32 au wakiwa chini ya kilo 1.5. Kipimo cha kwanza hufanywa takriban wiki 4 baada ya kuzaliwa. Ugonjwa ukifikia hatua ya kutibiwa, leza au sindano ya jicho hutakiwa ndani ya siku mbili tatu.

Sasa tutazame Garissa. Kutoka mjini hadi Nairobi ni kama kilomita 370, na anayetoka Hulugho au Dadaab ana safari nyingine kabla ya hiyo. Familia ya wafugaji itamudu vipi kwenda na kurudi kwa kipimo tu?

Jibu ni tiba mtandao. Jimboni Karnataka, India, mradi wa KIDROP ulianza mwaka 2008. Mafundi waliofunzwa huzunguka hospitali za mashambani na kamera maalumu, hupiga picha za retina na kuzituma kwa intaneti. Daktari aliye mbali huzisoma na kuamua. Kwa kuwa watoto wengi wanaopimwa hawahitaji tiba, wanaosafiri ni wachache, nao huwahi.

Kwa maoni yangu, kaunti ianze na kamera, muuguzi aliyefunzwa kuitumia, na daktari wa kusoma picha siku hiyo hiyo. Gari la rufaa nalo liwe tayari, kwani picha bila tiba haimfai mtoto.

Nawe mzazi, kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani uliza: macho yatapimwa lini? Tarehe iandikwe katika kijitabu cha kliniki. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Hapa huumiza macho.